Thumni ya Kidonge

Saa kumi na mbili kasorobo jioni nesi alikuja na trei yenye vitu vitatu: kidonge kimoja kikiwa bado ndani ya karatasi yake ya fedha, chupa ya maji ya kunywa, na bomba la sindano lisilo na sindano. Mdogo wangu alikuwa amelala ubavu wa kushoto, kanga imefungwa kifuani. Mimba ya kwanza, wiki 41 na siku tatu. Mimi nilikalia ndoo iliyogeuzwa, maana viti vya wodi vilikuwa vimekwisha. Nesi alipima maji mililita 200, akakitumbukiza kidonge, akatikisa mpaka kikapotea na maji yakaingia ukungu kidogo. Akabandika plasta kwenye chupa, akaandika jina na saa. Akatikisa tena, akavuta mililita 25 kwa lile bomba, akampa anywe.

"Hii tu, sista?"

"Hii tu, mama. Baada ya saa mbili nakuja tena. Nakupima kwanza wewe na mtoto, ndipo nakupa nyingine."

Kidonge kile ni misoprostoli ya mikrogramu 200. Kikiyeyuka kwenye maji mililita 200, kila mililita inabeba mikrogramu moja, kwa hiyo alichokunywa mdogo wangu kilikuwa mikrogramu 25, yaani sehemu moja ya nane. Kiswahili kina neno la sehemu ya nane: thumni. Wengi wetu tulilijua kama jina la sarafu ya senti hamsini, tukasahau maana yake ya kwanza. Usiku ule nililikumbuka, kwa sababu nilikuwa nikitazama thumni ya kidonge ikipewa kazi ya kumleta mtoto duniani, na nilikuwa naogopa. Nilikuwa na sababu ya kuogopa, nitaieleza baadaye.

Alasiri, kabla ya dawa, mkunga alikuwa amempima njia. "Imefunga, na bado ngumu," alisema, kisha akamgeukia mwanafunzi aliyekuwa naye. "Gusa ncha ya pua yako. Sasa gusa mdomo wako. Huyu bado yuko puani. Tunataka afike mdomoni." Nami nikajikuta nagusa pua yangu, halafu mdomo. Ukifanya hivyo sasa hivi hapo ulipo utaelewa kazi nzima ya dawa hii.

Mlango wa kizazi watu huuchukulia kama msuli unaofunga na kufungua. Kwa kweli msuli humo ni kidogo. Sehemu kubwa ni nyuzi za kolajeni, zilezile zinazoipa ngozi na kano uimara wake, zimesukwa kwa kubana. Kwa miezi tisa nyuzi hizo hubeba uzito wa mtoto, maji na kondo bila kuachia. Wiki za mwisho nyuzi zinaanza kulegea, maji yanapenya katikati yake, na kile kilichokuwa kirefu na kigumu kinakuwa kifupi na laini. Hapo uchungu ukija unakuta njia imeshaandaliwa. Mwaka 1964 daktari wa Marekani aitwaye Edward Bishop alichapisha namna ya kuyapa alama mambo matano ambayo mkunga huyahisi kwa vidole: njia imefunguka kiasi gani, imefupika kiasi gani, ni laini au ngumu, imeelekea wapi, na kichwa cha mtoto kimeshuka hadi wapi. Alama 6 kushuka chini, njia haijawa tayari. Alama 8 kwenda juu, uchungu ukianzishwa una nafasi kubwa ya kwenda vizuri. Mdogo wangu alipata alama 3.

Watu wengi hudhani kuanzishiwa uchungu ni kutundikiwa dripu basi. Dripu ile ni oksitosini, na kazi yake ni kuufanya msuli wa kizazi usukume. Ukisukuma mlango ambao komeo halijatolewa utachoka wewe, na mlango utabaki palepale. Mwanamke mwenye alama 3 akipewa dripu peke yake anaweza kukaa na maumivu mchana na usiku, na mwisho wake ukawa kisu. Ndiyo maana wakunga wanatafuta kwanza kitu cha kulainisha njia.

Kitu hicho wazee walikuwa wakikitafuta zamani. Siku mbili kabla hatujaenda hospitali, mama mkwe wa mdogo wangu alikuja nyumbani na chupa ya mafuta ya nyonyo, imefungwa kwenye kitambaa. "Mwanangu, mimi wanangu wote nilikunywa haya. Kijiko, halafu chai ya moto." Sikumcheka, na sikutaka mtu amcheke. Mwaka 2012 watafiti nchini Ujerumani walionyesha kwa panya kwamba asidi iliyomo katika mafuta ya nyonyo huamsha kipokezi kimoja mwilini kiitwacho EP3, katika utumbo na katika kizazi. Kipokezi hicho ni cha prostaglandini, kemikali zilezile ambazo mwili wa mwanamke huzitengeneza kulainisha njia na kuleta uchungu. Misoprostoli nayo ni prostaglandini iliyotengenezwa kiwandani. Bibi na kiwanda walikuwa wanagonga mlango mmoja. Tofauti ni kwamba kijiko cha bibi hakina mizani, kinaharisha, kinammaliza mzazi maji na nguvu kabla kazi haijaanza, na kikizidi hakuna anayejua kimezidi kwa kiasi gani. Chupa ile tuliipokea kwa mikono miwili, tukamshukuru mama, tukaiweka kabatini.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu kuna habari ambayo watu wa Afrika Mashariki wanapaswa kuijua na wengi wetu hatujafundishwa.

Mwaka 1930 madaktari wawili wa New York, Raphael Kurzrok na Charles Lieb, waliona kwamba manii yakigusishwa kwenye kipande cha kizazi, kipande kile hujikunja au hulegea. Miaka michache baadaye Ulf von Euler wa Sweden akaipa jina kemikali iliyofanya kazi hiyo. Aliiita prostaglandini, akiamini inatoka kwenye tezi dume. Alikosea chanzo, jina likabaki. Kwa miaka mingi ilikuwa kitu adimu mno, kikikamuliwa kwa taabu kutoka kwenye tezi za kondoo. Hakuna aliyejua kwa hakika ina kazi gani kwa mwanamke anayejifungua.

Aliyekwenda kuitafuta mahali penyewe ni Sultan Karim, mtafiti aliyefanya kazi Makerere, katika shule ya tiba iliyo kwenye kilima cha Mulago, Kampala. Katika miaka ya 1960 Karim aliipima katika maji ya uzazi na katika damu ya wanawake walio kwenye uchungu, akaikuta. Kumbe haikuwa kitu cha wanaume. Mwili wa mama wenyewe huimwaga saa ya kujifungua ikifika. Kutoka hapo swali la pili lilijileta: mwanamke ambaye saa yake imefika na uchungu haujaja, je, akipewa kemikali hiyo kwa dripu? Mwaka 1968 Karim na wenzake, akiwemo Profesa Trussell aliyeongoza idara ya uzazi Makerere, walichapisha jibu katika jarida la madaktari wa Uingereza. Uchungu ulianza, watoto wakazaliwa. Miaka iliyofuata kikundi cha Kampala kilijaribu aina nyingine ya prostaglandini, na njia nyingine za kuitoa, hata kwa mdomo, na madaktari wa nchi tajiri wakawa wanasoma ripoti kutoka Mulago ili wajue la kufanya London na New York.

Nawaza juu ya wanawake wale. Majina yao hayamo kwenye majarida, na sijui kama waliulizwa kama ambavyo mgonjwa angeulizwa leo. Ila kila mwanamke duniani anayelainishiwa njia kwa dawa anatembea kwenye njia iliyoanza kufyekwa kwa miili yao. Mwaka 1982 tuzo ya Nobel ya tiba ilitolewa kwa kazi ya prostaglandini, kwa Bergström na Samuelsson wa Sweden na Vane wa Uingereza. Kampala haikuwemo. Kufikia wakati huo Uganda ilikuwa imepitia utawala wa Idi Amin, na Makerere ilikuwa imepoteza walimu wake wengi. Karim aliendelea na kazi yake Singapore.

Aina ya prostaglandini iliyotoka kwenye kazi hizo na kuwa dawa ya madukani inaitwa dinoprostoni. Ni jeli au utepe unaowekwa ukeni, na ni dawa nzuri. Lakini inataka baridi: jeli ikae kwenye friji, utepe ukae kwenye friza. Na bei yake ni ya nchi zenye bima. Kwa kituo cha afya ambacho umeme unakatika mara tatu kwa wiki, dawa hiyo ni sawa na kuwa haipo. Hivyo ndivyo maarifa yaliyopatikana Mulago yalivyorudi Afrika Mashariki yakiwa na bei ambayo Mulago yenyewe ingeona uzito kuilipa.

Misoprostoli ilikuja kwa mlango wa nyuma. Kampuni ya Searle ya Marekani iliitengeneza kwa ajili ya vidonda vya tumbo, hasa vya watu wanaotumia dawa za maumivu kwa muda mrefu. Marekani iliiidhinisha kwa kazi hiyo mwaka 1988 kwa jina la Cytotec. Brazili ilikuwa imeanza kuiuza miaka miwili kabla, na huko wanawake ndio waliogundua, kabla ya madaktari, kwamba kidonge hiki cha tumbo kinakikunja kizazi. Mwaka 1992 madaktari wa Argentina waliandika kwamba wamekitumia kuanzisha uchungu. Baada ya hapo kila mtu alikitaka. Kilikuwa rahisi, hakihitaji friji, kinatosha kulindwa na unyevu ndani ya karatasi yake ya fedha, na kinatumika kwa mdomo au chini.

Shida ilikuwa kipimo. Kidonge kilitengenezwa kwa tumbo la mtu mwenye vidonda. Hakikutengenezwa kwa kizazi chenye mtoto ndani. Miaka ya 1990 madaktari walitoa mikrogramu 50, hata 100 kwa mara moja, na zikaanza kuja habari za vizazi vilivyopasuka, hasa kwa wanawake waliokuwa na kovu la upasuaji. Agosti 2000 kampuni yenyewe iliwaandikia madaktari wa Marekani ikiwaonya wasiitumie kwa wajawazito. Wakunga na watafiti hawakuiacha. Walishusha kipimo, wakashusha tena, mpaka wakafika kwenye ile thumni. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliingiza kidonge cha mikrogramu 25 kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Mwaka 2011 likatoa mwongozo: mikrogramu 25 kwa mdomo kila baada ya saa mbili, au mikrogramu 25 ukeni kila baada ya saa sita, na mwanamke aliyewahi kupasuliwa asipewe.

Kwa nini saa mbili kwa mdomo na saa sita kwa chini? Dawa iliyomezwa hupanda kwenye damu haraka, kama nusu saa hivi, na baada ya saa mbili imeshuka sana. Iliyowekwa chini hupanda polepole na kukaa muda mrefu. Maana yake ni kwamba ile ya mdomo ikianza kuleta uchungu mwingi unaacha kutoa nyingine, na mwili unaimaliza upesi. Uchambuzi wa majaribio 61 yenye wanawake zaidi ya 20,000, uliochapishwa 2021, uliona kwamba kipimo hiki kidogo cha mdomo kinafanya kazi vizuri, na kwamba upasuaji ulielekea kuwa mchache kuliko kwa dinoprostoni ya bei kubwa. Kwa maneno mengine, dawa ya maskini hapa si dawa ya pili.

Sasa nieleze kwa nini niliogopa.

Mtoto wangu wa pili alizaliwa katika hospitali ambayo sitaitaja. Presha yangu ilikuwa imepanda, ikaamuliwa nianzishiwe, na uamuzi ule ulikuwa sahihi, sina neno nao. Nesi alikata kidonge kwa wembe juu ya mfuniko wa chupa. Nilikiona kikivunjika: vipande viwili vikubwa, vingine vidogo, na unga. Alichukua kimoja akaniwekea chini. Sikuambiwa ni dawa gani, sikuambiwa nitarajie nini. Kilikuwa mikrogramu 25? Kilikuwa 60? Yeye hakujua, mimi sikujua, na dawa iliyowekwa chini huwezi kuichota ukairudisha. Baada ya saa kama tatu uchungu ulikuja bila kuniachia nafasi ya kuvuta pumzi. Mmoja haujaisha mwingine umeshaingia. Nesi alikuwa peke yake na akina mama wengi mno, wawili wakiwa wanasukuma wakati huohuo. Kwa muda ambao naukumbuka kama usiku mzima hakuna aliyekuja kumsikiliza mtoto. Mume wangu ndiye aliyekwenda kusimama mlangoni pa leba akapaza sauti. Mwanangu alitoka amechoka, maji yamechafuka kijani, hakulia mpaka aliposuguliwa mgongo na kupewa hewa. Yuko darasa la tano sasa, mzima. Simlaumu nesi yule. Nalaumu mpango unaompa mtu mmoja kazi ya watu watano, kisha unampa wembe mahali pa kipimo.

Baadaye nilijifunza jina la kilichonipata. Uchungu wa kawaida unaosonga vizuri huja mara tatu au nne, pengine tano, ndani ya dakika kumi, na kati ya mmoja na mwingine kizazi hulegea. Katika kulegea huko ndipo damu yenye hewa humfikia mtoto. Ukizidi mara tano, mtoto ni kama mtu anayezamishwa kichwa majini mara kwa mara bila kupewa nafasi ya kuibuka na kuvuta pumzi. Mapigo ya moyo wake, ambayo huwa kati ya 110 na 160 kwa dakika, huanza kuanguka. Mkunga aliye karibu hulisikia hilo kwa kile chombo chenye umbo la faneli anachokibana kati ya sikio lake na tumbo la mama, na ana la kufanya: atasimamisha dawa, atamlaza mama ubavu, atampa dawa ya kulegeza kizazi, ataita chumba cha upasuaji. Mkunga aliye mbali hasikii kitu.

Kuna jambo jingine linalofanya kidonge hiki kihitaji akili tulivu. Kidonge kilekile, kwenye wodi ileile, kina kazi ya pili: kuzuia damu baada ya mtoto kuzaliwa. Kwa kazi hiyo mama humeza mikrogramu 600, vidonge vitatu kwa pamoja. Wakunga wa jadi wa Kigoma walipewa misoprostoli ya kutibu damu iliyozidi, katika utafiti uliochapishwa 2005, wakafundishwa kukadiria damu kwa kanga zilizolowa, na akina mama wengi waliepuka kukimbizwa hospitali. Vidonge vitatu baada ya mtoto kutoka ni uhai, maana kizazi ni kitupu na tunataka kibane kama ngumi. Vidonge hivyo vitatu mtoto akiwa ndani ni thumni 24 kwa mkupuo. Kizazi kinaweza kupasuka, na hapo mnawapoteza wawili.

Ndiyo maana moyo unaniuma nikisikia vinanunuliwa dukani. Na vinanunuliwa. Mume anaambiwa na rafiki, dada anaambiwa na shoga yake: "Umepitiliza siku? Nenda duka la dawa pale kona, omba vile vidonge, weka kimoja usiku, asubuhi umejifungua." Wanaokwenda si wajinga. Wanaogopa kisu, wanaogopa gharama, wanaogopa lugha ya baadhi ya wauguzi. Wengine nauli ya kwenda hospitali wanayo ya mara moja tu, wanataka wafike uchungu ukiwa umeshika. Lakini kidonge kizima kimoja ni mara nane ya kile alichopewa mdogo wangu, bila mtu wa kusikiliza moyo wa mtoto, bila chumba cha upasuaji mlango wa pili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hauachi nafasi hapa: uchungu uanzishwe pale tu ambapo kuna sababu ya kitabibu, mahali panapoweza kufanya upasuaji, na mwanamke aliyepewa dawa asiachwe bila mtu wa kumwangalia.

Sababu zenyewe ziko. Presha ya mimba na kifafa chake haisubiri. Dawa yake halisi ni mtoto kutoka. Kule Nagpur, India, wanawake 602 wenye presha ya mimba waligawanywa, wengine wakapewa misoprostoli mikrogramu 25 kwa mdomo kila baada ya saa mbili, wengine wakawekewa mpira. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Waliopewa kidonge, 57 kwa kila 100 walijifungua kwa njia ya kawaida ndani ya saa 24. Waliowekewa mpira walikuwa 47.

Mpira huo ni mpira wa mkojo wa kawaida, ule wa Foley. Unapitishwa kwenye mlango wa kizazi, puto lake linajazwa maji, likakaa pale likikandamiza na kufungua taratibu. Madaktari wawili wa Uingereza, Embrey na Mollison, waliueleza mwaka 1967, mwaka mmoja kabla ya ripoti ya Makerere. Hauna kemikali na hauchochei kizazi kama dawa, kwa hiyo ndio daktari anaoufikiria kwanza kwa mama mwenye kovu la upasuaji ambaye bado anaweza kujaribu kuzaa kawaida, hospitalini, chumba cha upasuaji kikiwa tayari.

Sababu ya pili ni kupitiliza siku, na hapa utafiti wa Sweden ulinishtua. Wanawake 2,760 waligawanywa: nusu waanzishiwe wiki ya 41, nusu wasubiri hadi ya 42. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu katika kundi lililosubiri walikufa watoto sita, na katika lile lililoanzishiwa hakufa hata mmoja. Hiyo ni Sweden, nchi yenye huduma ya uzazi ambayo sisi tunaiota. Ripoti ilitoka mwaka 2019. Mwongozo wa dunia sasa ni kwamba mimba ikifika wiki 41, mama apewe nafasi ya kuanzishiwa.

Lakini hesabu ya wiki 41 inataka ujue ya kwanza ilikuwa lini. Mwanamke anayekuja kliniki kwa mara ya kwanza na mimba ya miezi sita, hakumbuki tarehe ya hedhi yake, alikuwa ananyonyesha au alikuwa kwenye sindano ya uzazi wa mpango, kadi yake inaandikwa kwa kukisia. Ukimwanzishia kwa kadi ya kukisia unaweza kumtoa mtoto wa wiki 35 ambaye mapafu yake hayajakomaa, ukaiita kazi hiyo kuokoa. Altrasaundi moja kabla ya wiki ya 24 huondoa sehemu kubwa ya shaka hiyo. Mdogo wangu alikuwa nayo, ya wiki ya 11, imekunjwa mara nne ndani ya pochi. Daktari aliifungua, akaisoma, akahesabu kwa vidole, akasema, "Hii naiamini."

Basi usiku ule nesi alirudi saa mbili kamili. Alimpima mdogo wangu presha, akaweka mkono juu ya tumbo dakika kumi nzima akitazama saa ya ukutani, akainama akamsikiliza mtoto. Akatikisa chupa, akavuta mililita 25. Saa nne, vivyo hivyo. Saa sita usiku mdogo wangu alikuwa ameshaanza kukunja uso na kunishika mkono, lakini mara mbili tu kwa dakika kumi, na fupi. Akapewa ya nne. Saa nane nesi aliweka mkono tumboni, akahesabu, akatabasamu kidogo. "Sasa yameshika. Hatuongezi." Chupa bado ilikuwa na maji nusu. Akaimwaga kwenye sinki mbele yetu.

Nilimuuliza kama ingehitajika dripu. Akasema ikihitajika itasubiri angalau saa nne tangu dawa ya mwisho, maana dawa hizi mbili zikikutana mapema zinazidishiana nguvu. Haikuhitajika. Alfajiri mkunga alipima njia akasema sentimita sita, laini kama mdomo. Nesi wa zamu ya usiku aliondoka saa moja asubuhi, na kabla ya kuondoka alimweleza wa zamu ya mchana kila kitu akiwa amesimama kando ya kitanda chetu, akionyesha saa zilizoandikwa. Saa nne na dakika kumi asubuhi mtoto wa kike alizaliwa, akalia mara moja, kilo 3.4.

Wodi ile haikuwa ya kitajiri. Nilikaa kwenye ndoo. Dawa ilikuwa ileile iliyonitesa mimi, hata kiwanda huenda kilikuwa kilekile. Walichokuwa nacho ni kipimo cha maji, kalamu, saa ya ukutani, na watu waliorudi kila saa mbili kama walivyosema. Waganga wakuu wa wilaya wanaosoma haya wanaweza kuliamuru hili wiki hii: chupa ya kupimia mililita 200 katika kila leba yenye misoprostoli, na wembe uondolewe. Vidonge vya mikrogramu 25 vipo, vinatengenezwa. Viagizwe. Na nesi wa pili wa zamu ya usiku aajiriwe, kwa sababu chupa ya kupimia haisikilizi moyo wa mtoto.

Nawe dada, au wewe unayempeleka mkeo au binti yako: kadi na altrasaundi ya mwanzo visibaki nyumbani. Ukiambiwa unaanzishiwa uchungu, uliza kwa heshima ni dawa gani, kiasi gani, na atakayekuja kumsikiliza mtoto ni nani na saa ngapi. Maumivu yakija bila kuachia, usione haya kuita, na aliyekusindikiza aite kwa niaba yako. Na kama uliwahi kupasuliwa kizazini, kwa mtoto au kwa uvimbe, hata ikiwa ni miaka kumi iliyopita, hata ikiwa hakuna aliyekuuliza, sema kabla kidonge hakijaguswa.